Thoma wa Akwino na wapinzani wake: maswali yenu

Je, Mkatoliki analazimika kufuata falsafa ya Thoma wa Akwino?

Halazimiki. Ni kweli Papa Leo XIII, katika waraka Aeterni Patris wa 1879, alihimiza falsafa hiyo ya padre Mdominiko wa karne ya 13 irudishwe vyuoni, na mwaka 1914 Roma ikatoa hoja 24 za kuifupisha. Wapo walimu waliozishika kama Amri Kumi! Lakini Yohane Paulo II, katika Fides et Ratio ya 1998, alisema wazi kwamba Kanisa halina falsafa yake lenyewe.

Thoma mwenyewe aliwahi kushukiwa?

Tena sana. Machi 7, 1277, miaka mitatu baada ya kifo chake, Askofu Étienne Tempier wa Paris alilaani hoja 219, na baadhi ziligusa mafundisho ya Thoma. Thoma alitangazwa mtakatifu 1323. Hukumu ile, kwa yale yaliyomgusa, ilifutwa 1325.

Duns Scotus alitofautiana naye wapi?

Pengi. Nachukua moja: tukisema "Mungu yupo" na "jiwe lipo", kuwapo huko kuna maana ileile? Thoma anajibu kwamba maana hizo zinahusiana tu. Scotus, Mfransisko, anadai pawe na maana moja ya pamoja, la sivyo hatuwezi kumjadili Mungu kwa kuanzia kwenye viumbe. Wengi humshutumu kwamba anamshusha Mungu. Naona wanamwonea: alizungumzia dhana zilizo akilini mwetu, si Mungu alivyo.

Rosmini alilaaniwa, kisha akawa mwenye heri (hatua ya kabla ya utakatifu). Inawezekanaje?

Swali zuri kuliko yote. Padre Antonio Rosmini, Mwitaliano, alifariki 1855. Mwaka 1887 Roma ililaani hoja 40 zilizotolewa katika maandishi yake. Mwaka 2001 ofisi ya Kardinali Ratzinger ikaeleza kwamba maana iliyolaaniwa haikuwa msimamo halisi wa Rosmini. Hukumu haikuitwa kosa, maana yeyote anayezishika hoja zile kwa maana ile bado anapotoka. Wengine wataona huo ni ujanja wa wanasheria. Mimi nakubali maelezo hayo, ila najiuliza kwa nini yalichukua miaka 114. Alitangazwa mwenye heri 2007.

Na ugomvi wa de Lubac na Garrigou-Lagrange?

Ulihusu kama binadamu, kwa maumbile yake, ana kiu ya kumwona Mungu. De Lubac, Mjesuiti, alisema anayo; Garrigou-Lagrange, Mdominiko, alimpinga. Mwaka 1950 wakubwa wa de Lubac walimwondoa kufundisha. 1983 akafanywa kardinali, akiwa na miaka 86. Kinachochekesha ni kwamba wote wawili walikuwa wakimnukuu Thoma.