Maswali Yenu Kuhusu Usingizi: Kutoka Kukesha hadi Kudamka

SWALI: Ndugu wahariri, poleni na kazi. Kwa miaka mingi nimefanya kazi za mchana na jioni, nikazoea kulala saa nane usiku na kuamka saa nne asubuhi. Sasa nimepata kazi inayoanza saa moja kamili asubuhi, na ili niwahi lazima niwe macho saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nina wiki tatu za kujiandaa. Juzi na jana nilipanda kitandani saa tatu usiku, nikabaki najigeuza hadi saa saba. Nakosea wapi?

JIBU: Dada, hongera kwa kazi mpya. Umeanzia upande mgumu. Mwili hauwezi kuamriwa usinzie, lakini unaweza kuamshwa. Kwa hiyo mabadiliko haya huanzia asubuhi, na usiku hufuata wenyewe.

Kwanza tueleze kwa nini saa tatu usiku ilikukatalia. Ukiamka saa nne asubuhi, ikifika saa tatu usiku umekaa macho masaa 11 tu, na hamu ya usingizi bado haijajaa. Zaidi ya hapo, katika masaa mawili matatu kabla ya muda uliouzoea kulala, saa ya mwili huuchangamsha mwili kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Kwako wewe hiyo ni kati ya saa tano na saa saba usiku. Ulikuwa unautafuta usingizi katika kipindi ambacho ubongo unaufukuza.

Saa hiyo ya mwili imo ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, na kwa watu wengi mzunguko wake unazidi masaa 24 kwa dakika chache. Ndiyo maana kuchelewa kulala hakuhitaji juhudi, na kuwahi kunahitaji. Kinachoirekebisha kila siku ni mwanga unaoingia machoni, na hapa ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Joto la mwili hushuka usiku na kufika chini kabisa masaa mawili au matatu kabla ya muda uliouzoea kuamka. Mwanga mkali unaokupata *baada* ya hapo huivuta saa ya mwili mbele, ukaanza kusinzia mapema zaidi. Mwanga huohuo ukikupata *kabla* ya hapo huirudisha nyuma, ukazidi kuchelewa. Wewe unayeamka saa nne, joto lako huwa chini kabisa kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Ukikurupuka kesho saa kumi na moja na kuwasha taa zote, unausukuma usingizi wako kule unakokimbia.

Kwa hiyo songa kwa nusu saa, na kila hatua ikae siku mbili. Kutoka saa nne hadi saa kumi na moja na nusu ni masaa manne na nusu, yaani hatua tisa, siku 18. Wiki tatu zako zinatosha na unabaki na siku tatu za akiba. Siku mbili za kwanza amka saa tatu na nusu, mbili zinazofuata saa tatu, na kuendelea hivyo. Kila asubuhi, ndani ya robo saa tangu uamke, toka nje ukae nusu saa. Kukiwa na mawingu mazito, kaa saa nzima. Usitosheke na taa ya sebuleni. Chumba cha kawaida usiku kina mwanga wa luksi (kipimo cha mwanga) 100 hadi 300, ilhali nje, hata jua likiwa limefunikwa, kuna maelfu. Huna haja ya kulitazama jua, na usilitazame. Kutembea tu au kunywa chai ukiwa nje kunatosha.

Hatua za mwisho zitakuamsha kabla hapajapambazuka. Kufikia hapo joto lako la chini litakuwa limesogea hadi usiku wa manane, kwa hiyo washa taa kali kadiri unavyoweza, kisha toka nje mara kunapokucha.

Jioni fanya kinyume. Masaa mawili kabla ya muda wako mpya wa kulala, zima taa za darini, tumia taa ndogo iliyo chini ya usawa wa macho, na upunguze mwanga wa simu hadi mwisho. Kupunguza mwanga wa simu hakutoshi kama unachokisoma ni mabishano au habari za kutia hofu. Moyo ukienda mbio, giza peke yake halikulazi. Chakula cha jioni nacho kisogeze nusu saa kila hatua, na mlo mzito uishe masaa matatu kabla ya kulala.

Muda wa kulala upate kwa kuhesabu nyuma masaa saba na nusu hadi nane kutoka muda wa kuamka, lakini usipande kitandani kabla macho hayajalegea. Ukilala chali dakika kama 20 bila usingizi, inuka, kaa mahali penye mwanga hafifu, fanya jambo la kuchosha, kisha rudi ukianza kusinzia. Saa ya ukutani igeuze isikutazame.

Kwenye hatua ya nne au ya tano, mara nyingi mwili hugoma: usiku usingizi hauji, asubuhi kichwa kizito. Usirudi nyuma. Baki kwenye hatua hiyohiyo siku mbili zaidi, na usifidie kwa kulala mchana kutwa. Siku zako tatu za akiba ni kwa ajili ya hapo.

SWALI: Mimi sikupata hizo wiki tatu. Nilipigiwa simu Ijumaa, Jumatatu nikaanza kazi alfajiri. Nalala masaa manne tu, naendesha gari nikiwa kama mlevi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yetu, tuanze na gari, maana hapo ndipo pa kufa. Mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo hupoteza wepesi wa kufanya maamuzi karibu sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, na wewe kila siku unaongezea deni la usingizi juu yake. Wiki hizi mbili panda usafiri wa umma au gari la mwenzako. Ikibidi uendeshe na macho yakaanza kufumba, kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakusaidii. Egesha mahali salama, kunywa kahawa, lala dakika 15 hadi 20. Kahawa huanza kufanya kazi wakati unapoamka.

Muda wa kuamka usiubadilishe tena hata siku moja, ziwe za kazi au za mapumziko. Kuhusu mwanga, kama ulikuwa unaamka karibu saa nne, siku mbili tatu za mwanzo uepuke mwanga mkali wa alfajiri. Ukiwa abiria au mtembea kwa miguu kwenye jua, vaa miwani ya giza. Ukiwa dereva gizani, usiivae kamwe. Kisha utafute mwanga wa nje kwa nguvu kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, hata kama ni mapumziko ya dakika 15 tu. Kila siku sogeza kipindi hicho nusu saa mapema, mpaka kikutane na muda wako wa kufika kazini, kisha muda wa kuamka. Mchana lala dakika 20, usivuke saa tisa alasiri. Usingizi wa saa nzima utakuamsha umechanganyikiwa na kukuibia wa usiku.

Tarajia siku 10 hadi wiki mbili za uchovu. Mwambie msimamizi wako, na kazi ya mashine au ya hesabu nyeti iombe iwe baada ya saa nne asubuhi kwa sasa.

SWALI: Siku za kazi nadamka vizuri, lakini Jumamosi na Jumapili nalala mpaka saa nne kufidia. Mbona Jumatatu ni mateso?

JIBU: Kwa sababu asubuhi mbili bila mwanga, pamoja na usiku mbili za kuchelewa, zinatosha kuirudisha saa ya mwili nyuma. Jumapili usiku usingizi unachelewa, Jumatatu unaamka na masaa machache, ukafika Ijumaa una deni jipya la kufidia. Usizidishe saa moja kupita muda wako wa kawaida wa kuamka. Deni lilipe kwa upande wa pili: lala saa moja mapema, au pumzika mchana. Kama una sherehe inayokesha, amka muda uleule, pumzika mchana, na usiku lala mapema. Siku moja ya kusinzia ni nafuu kuliko wiki nzima.

SWALI: Natega kengele sita, naziahirisha zote. Nakunywa kahawa vikombe vitano ndipo nione vizuri. Je, ni uvivu?

JIBU: Si uvivu. Uzito wa kichwa baada ya kuamka ni hali ya kawaida ya ubongo, hudumu dakika 15 hadi 30, na huzidi kwa aliyelala kidogo. Kengele ya kwanza inapolia nusu saa kabla, unabadilisha nusu saa ya usingizi mzima kwa vipande visivyo na faida. Tega moja tu, kwa dakika ile hasa unayotakiwa kusimama, na simu uiweke mahali ambapo huifikii bila kutoka kitandani. Taa iwe ya kwanza kuwashwa. Nguo, mkoba na maji viandae usiku, kwa sababu katika nusu saa ile ya kwanza hakuna uamuzi unaoufanya vizuri, na kubwa kuliko yote ni uamuzi wa kurudi kulala.

Kahawa tuichunguze kwa hesabu. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya masaa kama matano, na kwa wengine zaidi. Anayelala saa tatu na nusu usiku akanywa kikombe saa kumi na nusu jioni, analala na nusu ya kikombe hicho. Cha mwisho kiwe masaa manane kabla ya kulala, yaani saa saba na nusu mchana, na chai nyeusi, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vihesabiwe humohumo. Usikate vitano kwa mkupuo mmoja, utaumwa kichwa. Punguza kikombe kimoja kila siku tatu, ukianzia cha jioni. Na pombe usiigeuze dawa ya usingizi: inalaza haraka, halafu inakuamsha usiku wa manane.

SWALI: Vidonge vya melatonini vinasaidia? Nilimeza miligramu 10 wakati wa kulala, nikaamka na kichwa kizito na bado nachelewa kulala.

JIBU: Melatonini ni ishara inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Ukitaka kuisogeza saa ya mwili, muda wa kumeza una uzito kuliko wingi. Kiasi kidogo, kama nusu miligramu, kikimezwa masaa manne hadi sita kabla ya muda unaosinzia sasa, huivuta mbele. Dozi kubwa hukawia mwilini na kuingia asubuhi, ambako ishara ya usiku haitakiwi. Hata hivyo haishindani na mwanga: ukimeza kisha ukakaa chini ya taa kali, umeifuta. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kifafa, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au dawa za sonona, asiiguse kabla ya kumwona daktari. Na usiendeshe gari baada ya kuimeza.

SWALI: Kijana wangu ana miaka 19. Amefuata kila kitu kwa miezi minne, kazi ya alfajiri imemshinda, ila akiwa likizo analala saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi na anaamka mzima kabisa. Je, anadekeza mwili?

JIBU: Mzazi, hapana. Kwanza, kuanzia balehe hadi karibu miaka 20 saa ya mwili husogea nyuma kwa karibu kila mtu, kisha hurudi taratibu. Pili, mtu anayelala vizuri na kwa muda wa kutosha kila anapoachwa kwa ratiba yake, lakini hawezi kabisa kuisogeza, huenda ana tatizo la kitabibu la usingizi uliochelewa, ambalo madaktari walilieleza mwaka 1981. Linatibika kwa mwanga na melatonini zilizopangiwa saa zake hasa, chini ya uangalizi.

Kabla ya kwenda hospitali, aandike daftari la wiki mbili, likiwa na siku za kazi na za mapumziko: muda aliopanda kitandani, anaokisia alisinzia, mara alizoamka, muda aliotoka kitandani, usingizi wa mchana, na saa ya kikombe cha mwisho chenye kafeini. Aongeze kama anakoroma kwa nguvu au kukata pumzi usingizini, kama miguu inamwasha na kumkosesha utulivu usiku, na kama amekosa hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Kila moja kati ya hizo ina matibabu yake tofauti. Na kama amewahi kuwa na vipindi vya uchangamfu uliopitiliza, akikaa siku kadhaa karibu bila kulala wala kuchoka, amwambie daktari kabla ya kutumia taa yoyote ya tiba, kwa kuwa mwanga mkali unaweza kuviamsha vipindi hivyo.