Bwawa la perege limegeuka kijani

Swali: Shikamoo bibi shamba. Bwawa langu hapa Mikindani limekuwa kijani kama mlenda, na alfajiri perege wanahema juujuu. Nimeshauriwa niweke magugu maji. Nifanye hivyo? – Mfugaji

Jibu: Marahaba mwanangu. Usithubutu! Magugu maji yamelitesa Ziwa Victoria miaka mingi. Leo ongeza maji safi, upunguze pumba: mabaki na kinyesi huacha naitrojeni na fosforasi, mwani, ndio huo ukijani, unashiba, usiku unamaliza oksijeni. Kisha zungushia kona moja mianzi inayoelea, weka vile vijani vidogo vya juu ya maji, saizi ya dengu, viitwavyo “duckweed”. Vitanyonya rutuba hiyohiyo. Ila vivune kila wiki. Vikioza humo, rutuba inarudi majini. Perege wanavila, na vinavyobaki tandaza kwenye migomba.