Utepe wa mninga unabanduka kwenye mpingo
Ndugu, umeuliza kuhusu kipande chako cha mpingo cha kukereza, ulichokikata kwa msumeno na kugundisha utepe (kibao chembamba) wa mninga kwenye mkato ili kupata nakshi ya fundo. Utepe huo unabanduka ukitoboa kwa sababu mpingo una mafuta, gundi haishiki vizuri. Futa pande za mpingo kwa kitambaa chenye asetoni, ikikauka tu paka gundi ya epoksi hapohapo. Epoksi ile inayoganda kwa dakika 5 achana nayo kabisa. Bana kwa jiliwa, uache saa 24.

Tundu la milimita 7 litoboe polepole, ukichomoa keekee mara kwa mara utoe unga. Joto hulegeza gundi. Ukisikia harufu ya kuungua, simama kwanza.

Pia, kabla ya kugundisha, pima utepe: unene wake ulingane na upana wa mkato wa msumeno, la sivyo mistari ya fundo (nakshi inayopishana kama kamba iliyofungwa) haitakutana ukishakereza.