Diski Si Mbovu, BIOS Ndiyo Haiioni

Juzi msomaji kaniandikia kwamba kompyuta yake ya zamani imemshinda. Kanunua diski ya NVMe, aina mpya yenye kasi, kaichomeka kwa kadi ya PCIe, ile ya tundu la upanuzi la ubao mama, kawasha mfumo wa Linux kutoka kwenye flashi. Diski ikaonekana, usakinishaji ukafika mwisho bila kasoro. Alipozima na kuwasha tena, skrini nyeusi: hakuna diski ya kuwashia. Fundi akamwambia diski ni mbovu.

Maneno hayo nayajua. Niliwahi kuambiwa hayohayo, mbele za watu, na fundi aliyeongeza kwamba mashine yangu yafaa makumbusho. Basi makala hii naiandika kwenye mashine hiyohiyo, na mfumo wote umekaa kwenye ile diski "mbovu".

Ndugu zangu, unapobonyeza kitufe cha kuwasha, Linux bado haipo. Imelala diskini, na wa kwenda kuiamsha ni BIOS peke yake, ile programu ndogo iliyo kwenye ubao mama. Linux ina draiva yake ya NVMe, yaani programu ya kuisomea diski hiyo. BIOS za zamani hazina, hata UEFI (mrithi wa BIOS) za mwanzoni nyingi hazina. Ndiyo maana diski inaonekana ukishaingia ndani ya mfumo, ila mlangoni haionekani.

Nilichofanya ni kuchukua diski ndogo ya SATA, aina ya zamani ambayo BIOS inaijua, iliyokuwa imetupwa kwenye droo, nikaweka humo GRUB (programu inayoiwasha Linux) na /boot (folda ya faili za kuwashia). Kilichobaki chote kikaenda NVMe. BIOS inasoma SATA, GRUB inapakia kerneli (kiini cha Linux) na initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuanzia), na kuanzia hapo kerneli inajitegemea. Mara ya kwanza ilipowaka nilicheka peke yangu. Angalizo moja tu: mstari wa /boot kwenye fstab, faili la orodha ya diski za kufunguliwa, uelekeze kwenye UUID (namba ya utambulisho) ya diski ndogo. Ukikosekana, kerneli mpya itaandikwa kwenye folda tupu ya NVMe, nawe utaendelea kuwasha ile ya zamani ukidhani umesasisha.

Wengine shida yenu ni ukubwa. Diski ni TB 4, inatumika nusu. Hapo wa kulaumiwa ni MBR, mfumo wa zamani wa kugawa diski: anwani zake ni za biti 32, na kwa sekta za baiti 512 mwisho wake ni TiB 2. Dawa ni GPT, mfumo mpya wa kugawa diski, lakini Windows haiwaki kutoka GPT bila UEFI. Linux inawaka hata kwa BIOS, mradi uitengee GRUB kipartisheni (kipande cha diski) cha MiB 1, maana ile nafasi iliyojificha baada ya MBR, ambamo GRUB hukaa, kwenye GPT haipo. Na mipaka hii si mipya: kabla yake watu walikwama kwenye GB 8.4, kisha GB 137 kwa anwani za biti 28. Kila mara wapo waliotangaza kwamba diski ni mbovu. Acheni kuwaamini watu wasiofungua hata ukurasa mmoja wa mwongozo wa ubao mama! Someni wenyewe. Someni kabla ya kununua.

Kwanza jua mashine yako imewaka kwa njia gani. Ukiwa ndani ya Linux, tazama kama folda /sys/firmware/efi ipo. Ikiwepo, umewaka kwa UEFI. Msomaji wangu alitazama, haikuwepo, na sasa anatafuta diski ndogo ya SATA.