Mahindi: si kwamba yalitoka India

Mkuu, umeuliza kama mahindi yaliitwa hivyo kwa sababu yaliletwa kutoka India. Nusu yake umepatia.

Neno lenyewe kweli limebeba "Hindi". Sikiliza upatanisho wake: mtu ni Mhindi yule, wengi Wahindi, mmea ni mhindi ule, shamba zima mihindi ile, tunda ni hindi, mengi mahindi. Shina moja, ngeli tofauti tu.

Ila zao asili yake ni Mexico, na huku kwetu halikuwepo kabla Wareno hawajafika pwani mwaka 1498. Watu wa pwani walilipachika jina la ng'ambo waliyoizoea, yaani India, kule majahazi yalikokuwa yakienda na kurudi na upepo wa kaskazi na kusi. Tena si sisi peke yetu. Waturuki wanayaita mısır, yaani Misri, na Waitaliano granoturco, nafaka ya Kituruki. Kila mtu anamsingizia jirani!

Hapa Tabora wazee bado watakwambia ugali wa kweli ni wa mtama au uwele. Nadhani jina lilipanda bara pamoja na misafara, maana wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakishuka pwani na kurudi Unyanyembe, yaani huku huku Tabora. Leo hata mkulima wa tumbaku kule Urambo hakosi kipande cha shamba la mahindi cha kulisha nyumba.

Gunzi, bua, punje na mbelewele hayo hayana Uhindi wowote, usije ukayachanganya.