Maji yanang'aa, samaki wanakufa: maswali ya wasomaji kuhusu tangi la nyumbani

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wenye tangi la wiki moja au mbili, na karibu zote zinalalamikia jambo lilelile. Tunaanza nalo, na tutalikalia kidogo.

SWALI: Nimenunua tangi la lita 60. Nililijaza maji ya bomba, nikawasha kichujio, na siku hiyohiyo nikaweka samaki 12. Siku ya tano wakaanza kufa mmojammoja, na waliobaki wanatweta juu ya maji. Maji yenyewe yanang'aa kama kioo. Ni ugonjwa gani huu?

JIBU: Si ugonjwa. Samaki wako wanakufa kwa sumu waliyoitoa wenyewe. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, na chakula kinachooza chini huongeza nyingine. Amonia haina rangi, kwa hiyo mng'ao wa maji haukuambii kitu. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Bakteria hao hawaelei majini. Wanaishi wamejishikiza kwenye sponji ya kichujio, kwenye changarawe na kwenye kuta. Tangi jipya linakuwa halijawapata, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Kwa kifupi, umehamishia wapangaji 12 kwenye nyumba isiyo na choo.

Kuokoa waliobaki, acha kuwalisha leo na kesho. Badilisha nusu ya maji, ukitumia maji yenye joto lilelile na yaliyokwisha kutiwa dawa ya kuondoa klorini, kwa sababu klorini ya bomba huunguza matamvua na kuua hao bakteria wachache walioanza kujijenga. Kulaza maji kwenye ndoo kwa saa 24 huku pampu ya hewa ikitoa mapovu huondoa klorini ya kawaida, lakini mamlaka nyingine za maji hutumia kloramini, na hiyo haitoki kwa kulazwa. Kama hujui yako ni ipi, tumia dawa.

Halafu tafuta vipimo vya matone vya amonia na nitriti. Pima kila siku. Amonia ikifika miligramu 0.5 kwa lita, badilisha nusu tena. Nitriti ikipanda, ambayo kwa kawaida hufanya hivyo baada ya wiki mbili hivi, yeyusha gramu 30 za chumvi isiyo na vikolezo kwa lita zako 60, yaani nusu gramu kwa kila lita. Kloridi iliyo ndani ya chumvi huizuia nitriti kupenya kwenye matamvua; nitriti ikipenya, huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Usirudie chumvi yote kila ubadilishapo maji, rudishia tu ya yale uliyotoa: ukitoa lita 30, tia gramu 15.

Njia ya mkato iliyo halali ni moja. Mwombe mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima akupe kipande cha sponji yake chafu, ukiweke ndani ya kichujio chako kikiwa bado kibichi. Muda wa kusubiri unaweza kupungua hadi wiki moja au mbili. Angalia tu asikupe na maradhi yake.

Siku ukianza tangi lingine, anza bila samaki. Tia amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, acha kichujio kikizunguka usiku na mchana, na upime. Siku utakapotia miligramu 2 na baada ya saa 24 ukakuta amonia 0 na nitriti 0, tangi limekomaa. Badilisha maji mengi ili upunguze nitrati iliyolimbikizana, ndipo uweke samaki wanne au sita. Wengine wafuate baada ya wiki mbili.

SWALI: Kichujio changu kimeandikwa kibadilishwe sponji kila mwezi. Nimebadilisha, nikakisugua kwa maji ya bomba hadi kikatakata. Kesho yake samaki wote wako juu wanatweta.

JIBU: Umetupa choo chenyewe. Soma jibu lililotangulia, kwa sababu tangi lako sasa ni jipya tena. Sponji hubadilishwa inapoanza kumeguka tu, na hapo unakata nusu, nusu nyingine unaiacha mwezi mzima. Kuiosha, ikamue mara mbili tatu ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi. Ikibaki na rangi ya kahawia, ndivyo inavyotakiwa. Agizo la kila mwezi lina manufaa zaidi kwa muuza sponji.

SWALI: Nataka tangi lenye rangi. Nina lita 60. Nimependa gapi, tetra neoni, beta dume mmoja, pleko wa kusafisha uchafu, na rafiki yangu ana mbuna wawili wa buluu anaotaka kunipa. Wataelewana?

JIBU: Hapana, na hata wangeelewana, maji ya mmoja hayamfai mwenzake.

Pima kwanza maji yako ya bomba, pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi) na ugumu (wingi wa madini kama chokaa), halafu uchague samaki wa maji hayo. Watu hufanya kinyume: wanachagua samaki, kisha wanahangaika na kemikali za kubadili maji, na maji yanayopanda na kushuka huua haraka kuliko maji ambayo si kamili lakini yametulia. Gapi na moli wanataka maji magumu, pH 7 hadi 8. Tetra neoni ni wa mito yenye maji laini na asidi kidogo. Mbuna ni wa miamba ya Ziwa Nyasa, ambalo wengine huliita Ziwa Malawi. Maji yao ni magumu, pH inakaribia 8 na kuzidi, chakula chao kikuu ni mwani, na dume mmoja tu anaweza kulitawala tangi lako zima na kuwapiga wote hadi wafe. Wanahitaji lita 200 na kuendelea. Mshukuru rafiki yako, umwachie.

Beta ana mapezi marefu na gapi dume ana mkia mrefu; beta humwona gapi kama dume mwenzake na kumrarua. Beta anakaa vizuri peke yake katika lita 20 zenye joto la digrii 25 hadi 27. Na pleko wa kawaida, yule mdogo wa sentimita 5 aliyejibandika kwenye kioo dukani, hukua kupita sentimita 30. Pia hali kinyesi cha wenzake. Hakuna samaki anayefanya kazi hiyo, na yeye mwenyewe ni mmoja wa wanaochafua sana.

Kwa lita 60 zenye maji laini tungeweka tetra neoni 10, na korido 6 wa aina ndogo, samaki wenye sharubu wanaokaa chini, juu ya mchanga laini, maana changarawe kali huwakata sharubu. Neoni wachache chini ya 6 hujificha na kufifia rangi. Kwa maji magumu, weka gapi madume 8 pekee: rangi tele, vifaranga hakuna.

Jiwe unalotaka kuliremba tangi nalo lijaribu kwanza kwa tone la siki. Likitoa mapovu lina chokaa, litapandisha pH polepole. Kwa gapi si neno, kwa neoni liache nje.

Ukienda kununua, mwombe muuzaji awalishe ukiwa unatazama. Anayekimbilia chakula mchukue. Mwenye tumbo lililobonyea, mapezi yaliyokunjwa, au anayepumua haraka kuliko wenzake muache. Ukiona maiti hata mmoja ndani ya tangi hilo, usinunue chochote humo, hata kama uliyemlenga anaonekana mzima.

SWALI: Samaki wangu walitoka vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Nilitia dawa siku tatu, vidoa vikaisha, nikaacha. Wiki moja baadaye vimerudi maradufu. Dawa ni feki?

JIBU: Inawezekana dawa ni nzuri tu, ila uliacha katikati ya kazi. Kidoa unachokiona ni kimelea aliyejifunika chini ya ngozi ya samaki, na akiwa hapo dawa haimfikii. Anakula siku kadhaa, anashiba, anadondoka. Ndiyo maana vidoa "vikaisha". Chini kwenye changarawe hujizungushia ganda na kujigawa kuwa mamia ya watoto, na ndani ya ganda pia dawa haimpati. Watoto wanapotoka na kuogelea kumtafuta samaki, wana siku moja mbili tu za kumpata, na hapo ndipo dawa huwaua. Unasubiri wapite dirishani.

Basi mkaribishe apite upesi. Pandisha joto polepole, digrii 1 kila baada ya saa chache, hadi 28 au 29, maana kwenye joto hilo mzunguko wake huisha kwa siku chache, wakati kwenye maji ya digrii 20 unaweza kuchukua zaidi ya wiki. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, hivyo ongeza pampu ya hewa. Toa mkaa kwenye kichujio, kwani hunyonya dawa yote. Kabla ya kila dozi fyonza changarawe kwa mpira, utoe robo ya maji pamoja na maganda hayo. Endelea siku 10 angalau, na usiache kabla hazijapita siku 3 tangu kidoa cha mwisho. Tetra na samaki wasio na magamba huumizwa na dawa zenye malakaiti kijani. Dawa nyingi za aina hiyo huelekeza nusu dozi kwao, soma karatasi yake. Tibu tangi zima, si yule mwenye vidoa peke yake.

Kuanzia sasa kila samaki mpya akae wiki 3 au 4 pembeni, katika chombo cha lita 20 chenye sponji na hita yake. Wavu na mpira wa chombo hicho usivitumie kwenye tangi kubwa.

SWALI: Gapi jike wangu yuko peke yake tangu miezi miwili, na amezaa tena. Inawezekanaje? Na vifaranga vinakwenda wapi?

JIBU: Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, akazaa kila baada ya wiki 4 hivi bila kumwona dume tena. Vifaranga vinaliwa, na mara nyingi na mama yao. Ukitaka baadhi wapone, jaza mimea inayoelea yenye mizizi mirefu upande mmoja. Ukitaka wote wapone, fikiria kwanza utawapeleka wapi. Mtoni au bwawani usiwatupe kamwe. Gapi huzaliana huko na kuwabana samaki wa asili.

SWALI: Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita hivi, nifanye nini?

JIBU: Usilishe. Chukua kikombe, chota maji na uyamwage kutoka juu kiasi cha shubiri moja, dakika kama tano kila nusu saa, au uwe na pampu ya hewa ya betri. Funika tangi kwa blanketi pande tatu joto lisitoroke, juu uache nafasi ya hewa. Tangi lenye samaki wachache halitaona shida. Lililojazana ndilo huanza kutweta saa ya pili.

Tatizo la siri ni kichujio cha mtungi kinachokaa nje ya tangi. Maji yakisimama ndani yake, bakteria humaliza oksijeni na kuanza kufa, na umeme ukirudi uvundo ule wote husukumwa ndani kwa mkupuo. Kimesimama saa kadhaa? Kifungue, unuse. Kikinuka yai bovu, mwaga maji yake, kamua sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, ndipo ukiwashe. Penye kukatika umeme mara kwa mara, kichujio cha sponji kinachosukumwa na pampu ya hewa kina usalama zaidi, kwani kiko ndani ya tangi, wazi.

SWALI: Nasafiri wiki mbili. Jirani amekubali kuwalisha. Nimwachie maelekezo gani?

JIBU: Samaki wazima wenye afya hukaa wiki moja bila chakula na hawadhuriki, hivyo jirani aje mara tatu au nne tu kwa muda wote. Badilisha robo ya maji siku moja kabla ya kuondoka, si asubuhi ya safari, upate muda wa kuona kama hita na kichujio vimerudi kufanya kazi. Mlo wa kila siku ni wanachomaliza kwa dakika mbili. Upime, uufunge kwenye vikaratasi, kila kimoja ukiandike tarehe yake. Jirani asiyezoea samaki akiwaona wanamkimbilia kwenye kioo ataamini wana njaa, naye ataongeza. Kwa hiyo mpe vikaratasi vinne, na kopo lenyewe lifungie kabatini.