Fundi Anajibu: Prosesa ya 4.5 inaipitaje ya 4.7?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina kompyuta ya mezani niliyoiunga mwenyewe mwaka 2019: prosesa ni Ryzen 5 2600, madabodi ya B450, RAM ya GB 16. Jioni narusha ndege kwenye Microsoft Flight Simulator, na mwisho wa wiki nahariri video za harusi. Nataka kubadili prosesa tu, na zimebaki mbili mezani: Ryzen 7 5800X na Ryzen 7 5800X3D. Zote zina viini 8 na nyuzi 16. Ya kwanza inafika GHz 4.7, ya pili inaishia 4.5. Kwenye Cinebench, programu ya kupima nguvu ya prosesa, ya kwanza ndiyo inayoongoza, lakini kila ninayemuuliza habari za gemu ananiambia nichukue ya pili. Yenye mwendo mdogo inashindaje?
— Mrushaji wa jioni

JIBU: Marahaba. Swali lako limenigusa, kwa sababu mimi niliwahi kumkosesha mtu kwa kutojiuliza jambo hilo. Mdogo wangu aliniomba ushauri, nikamtazamia alama za Cinebench, nikamwambia anunue yenye alama kubwa. Akaifunga, akawasha gemu lake, fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zikabaki zilezile. Tulipochungulia, kadi yake ya picha ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 99 muda wote. Prosesa haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyempa jibu la swali ambalo hakuuliza, na tangu hapo sitaji prosesa kabla ya kumuuliza mtu kazi yake.

Tuanze na hiyo GHz. GHz 4.7 maana yake ni mapigo bilioni 4.7 kwa sekunde. Namba hiyo haisemi ni mapigo mangapi yametumika kufanya kazi na mangapi yamepotea katika kusubiri. Mfikirie seremala. Misumari ikiwa kwenye mfuko wa aproni yake, anagonga bila kusimama. Ikiisha mfukoni, anaacha nyundo anakwenda stoo. Mfuko ndiyo kashe, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe; stoo ndiyo RAM. Data iliyo kwenye kashe ya L3, tabaka kubwa kuliko yote ya kashe, inafika kwenye kiini kwa muda wa nanosekunde kama 10. Ya kwenye RAM inaweza kuchukua 70 hivi. Kwa prosesa ya GHz 4.5, nanosekunde 70 ni mapigo zaidi ya 300. Seremala mwenye mkono mwepesi kuliko wote hawezi kuifidia safari hiyo akiwa anaifanya kila mara.

Hapo ndipo prosesa zako mbili zinapoachana. 5800X ina MB 32 za kashe ya L3. Kwa 5800X3D, AMD walibandika kipande kingine cha MB 64 juu ya ile ya kwanza, jumla zikawa 96. Nauchukulia kuwa uhandisi mzuri kweli, na gharama yake iko wazi: joto lina tabaka zaidi la kupenya, na umeme inabidi udhibitiwe. Ndiyo maana mwendo wa kuanzia ulishushwa kutoka 3.8 hadi 3.4, wa juu kutoka 4.7 hadi 4.5, na huruhusiwi kuongeza mwendo kwa mkono kama kwenye 5800X.

Sasa Cinebench. Inachora picha kipande kwa kipande, na sehemu kubwa ya inachokihitaji kwa wakati mmoja inaenea vizuri kwenye kashe ya kawaida. Zile MB 64 za nyongeza zinakaa bure, mapigo ndiyo yanayoamua, na 5800X inatangulia kidogo. Flight Simulator ni kazi ya namna nyingine. Ardhi, majengo, hewa, ndege nyingine angani, vyote vinaitwa bila mpangilio kutoka kila kona ya kumbukumbu. Pale mfuko mkubwa unaonekana, na unaonekana zaidi kwenye zile fremu za chini, yaani ule mkwamo wa ghafla unapokaribia uwanja wenye msongamano. Wastani unaweza kuficha mkwamo huo. Ukisoma jaribio lolote, tafuta namba za chini kabla ya wastani.

Ila usinunue bado. Washa simuleta jioni ya leo, andika fremu ulizonazo, kisha shusha picha hadi 1280 kwa 720 na urudie safari ileile. Fremu zikipanda sana, kikwazo chako ni kadi ya picha, na prosesa yoyote kati ya hizi itakusaidia kidogo tu. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayokuzuia, na kwako wewe jibu langu ni 5800X3D.

Kwenye video utaachwa nyuma kidogo, na ukitoa video kwa kutumia kadi ya picha, hata hicho kidogo huenda usikione. Kama ungekuwa mtu wa kuhariri pekee ningekupeleka kwingine kabisa: Ryzen 9 5900X yenye viini 12, inayokaa kwenye soketi hiyohiyo ya AM4.

Mambo mawili kabla ya kufungua bisibisi. Sasisha BIOS, yaani programu ya msingi iliyo kwenye madabodi, wakati 2600 ingali imekaa mahali pake, kwa sababu X3D ilitoka Aprili 2022 na BIOS ya mwaka 2019 haitaitambua. Pili, prosesa zote mbili huuzwa bila feni. Ile feni ndogo iliyokuja na 2600 ilikusudiwa prosesa ya wati 65, na hizi ni za wati 105.

SWALI: Mimi na rafiki yangu tuna 5800X. Programu ileile, toleo lilelile, lakini yangu inapata alama pungufu kila mara. Nimeuziwa mbovu?
— Mwenye wasiwasi

JIBU: Sidhani. Kabla ya kuishuku prosesa, hesabu vijiti vya RAM. Kijiti kimoja kinakupa njia moja tu, viwili vikikaa kwenye nafasi sahihi vinakupa mbili. Kisha ingia kwenye BIOS uangalie RAM inaenda mwendo gani: nyingi za DDR4 zilizoandikwa 3200 huanzia 2133 au 2400 mpaka mwenyewe uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM mwendo ulioandikwa. Mwisho tazama joto wakati jaribio linaendelea. Kikomo cha 5800X ni nyuzijoto 90, na ikifika hapo inajipunguzia mwendo. Ikiwa unagusa 90, vua feni, futa pesti kavu ya kupitisha joto, paka mpya, ukaze skrubu kwa mkingamo. Rudia jaribio mara tatu ukiwa umefunga kila kitu kingine, ndipo umpigie rafiki yako mlinganishe.